Wageni Wawili Katika Mji wa London

Somo: Matendo ya Mitume 17:16-23



Mtume Paulo alifika Athene kama mpita njia. Alikuwa akiwangoja Sila na Timotheo, basi akapata nafasi ya kutembea mjini. Akatazama majengo na madhabahu, akasoma hata maandishi yaliyochongwa juu ya mawe. Luka atuambia kwamba roho yake ilichukizwa na mengi aliyoyaona. Hata hivyo, alipopewa nafasi ya kusema hakuwatukana wenyeji. Alianza na kitu alichokiona kwa macho yake mwenyewe, madhabahu ya mungu wasiyemjua. Kabla ya kunena, Paulo alikuwa ametazama vizuri.

Siku moja katika ushirika wetu hapa Kitale, kijana mmoja alitusimulia safari yake ya Ulaya. Alikaa London siku nne. Alituonyesha picha za daraja linalofunguka katikati, za ngome ya kale, na za kanisa ambamo wafalme huvikwa taji. Tulifurahi pamoja naye, maana wengi wetu tulichanga nauli yake. Ndipo bibi mmoja mzee, mzaliwa wa upande wa Webuye, akauliza, "Mjukuu wangu, hiyo ngome uliyoiona, ni kubwa kuliko Chetambe?" Kijana akainamisha kichwa. Hakuwahi kupanda Chetambe. Sisi wazee wake tulitazamana, kwa maana wengi wetu hatukuwahi pia.

Swali la bibi yule halikutuacha. Leo twataka kulijibu, na ili tulijibu yatupasa kurudi nyuma hadi mwaka 1902.

Mwaka huo watu wawili wa Buganda walialikwa kwenda London kuona Mfalme Edward wa Saba akivikwa taji. Wa kwanza alikuwa Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda. Wa pili alikuwa Ham Mukasa, mwandishi wake, mtu aliyechechemea kwa sababu ya jeraha la vita. Wote wawili walikuwa Wakristo waliojua gharama ya imani. Mwaka 1886, Kabaka Mwanga alipowaua vijana wa nyumba yake kwa ajili ya Kristo, Kagwa alikuwa mmoja wa vijana wale. Alipigwa na kujeruhiwa, lakini akaachwa hai.

Walivuka ziwa hadi Kisumu, ambako reli ilikuwa imefika mwezi wa Desemba 1901 tu. Wakapanda treni hadi Mombasa, kisha meli hadi Ulaya, wakifuatana na mmisionari Ernest Millar. Tukumbuke pia kwamba tarehe 1 Aprili mwaka ule ule, mkoa wa mashariki wa Uganda, ambamo nchi yetu hii ilihesabiwa, ulihamishwa na kutiwa katika nchi ambayo leo yaitwa Kenya. Watu wa Bungoma walilala Uganda wakaamka kwingine, wala hakuna aliyewauliza.

London wakati ule ilikuwa na watu zaidi ya milioni sita pamoja na vitongoji vyake. Ham Mukasa aliandika yote aliyoyaona: meli, viwanda, makanisa, na treni ipitayo chini ya ardhi. Millar akayafasiri kwa Kiingereza, na kitabu kikatolewa London mwaka 1904. Uzuri wa kitabu kile ni kwamba mwandishi hatosheki na kushangaa. Anauliza kitu kimetengenezwaje. Anapima mambo ya ugenini kwa vipimo vya kwao, ili msomaji wa nyumbani apate kufahamu.

Nao waliona jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Taji lilikuwa livikwe tarehe 26 Juni. Wageni walikuwa wamekwisha fika kutoka pembe zote za dunia, na njia zilikuwa zimepambwa. Siku mbili kabla, mji ukatangaziwa kwamba Mfalme ni mgonjwa wa tumbo na amepasuliwa na madaktari. Sherehe ikaahirishwa hadi tarehe 9 Agosti. Ndugu zangu, mji wenye nguvu kuliko yote ya siku zile ulingoja jeraha la mtu mmoja lipone. Mfalme naye ni nyama na damu.

Sasa tuje kwenye ngome. Ngome ya London ilianzwa na Mfalme William, aliyetoka Normandy, ng'ambo ya bahari, akaiteka Uingereza mwaka 1066. Aliijenga ili wenyeji wa mji ule wamwogope. Waingereza wenyewe, basi, walipata kukaa chini ya kivuli cha kuta zilizojengwa na mgeni. Watalii wanaopiga picha pale leo hupiga picha ya hofu ya watu waliokufa zamani.

Na Chetambe je? Mtu akitoka Kitale kwa gari kwenda Bungoma, akapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, atafika Webuye na kuviona vilima vyake. Huko palikuwa na boma la kuta za udongo na handaki. Mwaka 1895 Wabukusu na Watachoni walijikinga humo. Kabla ya hapo vita vilikuwa Lumboka, upande wa Bungoma, na boma lile lilikuwa limevunjwa. Jeshi lilikuwa la Waingereza, likiongozwa na Hobley, na ndani yake walikuwamo askari wa Kisudani na Waganda. Mikuki haikuweza kushindana na bunduki. Watu wetu walikufa, na mifugo ikachukuliwa.

Hapa historia inatuuma. Waganda walipigana upande wa waliolivunja boma letu mwaka 1895, na miaka 7 baadaye mkuu wao akapokelewa London kwa heshima. Tuseme nini? Je, tumkatae Apolo Kagwa, ndugu yetu katika imani? La. Wala tusifiche yaliyotokea Chetambe ili hadithi iwe tamu. Biblia haikuficha kosa la Daudi, wala la Petro.

Tena heshima ile haikumlinda Kagwa hata mwisho. Mwaka 1905 alipewa cheo cha Sir. Lakini mwaka 1926, baada ya kuvutana na maofisa wa serikali ya kikoloni juu ya madaraka, alijiuzulu kazi aliyoifanya kwa miaka mingi. Akafa Nairobi mwezi wa Februari 1927. Waliomkaribisha mjini mwao hawakumwachia neno la mwisho katika nchi yake.

Ila Mungu hakuwa amelala. Mwezi ule ule wa Agosti 1902, London ilipokuwa ikipiga kengele za taji, vijana watatu wa Kanisa la Marafiki kutoka Marekani, Hole, Hotchkiss na Chilson, walifika Kaimosi bila shangwe yoyote. Kutoka Kaimosi kazi yao ilienea hadi Lugulu, kwenye barabara ile ile, si mbali na Chetambe. Kwa hiyo barabara moja yapita penye kaburi la babu zetu na penye shule na hospitali zilizowalea wajukuu wao.

Basi, bibi, jibu letu ni hili. Kwa mawe, ngome ya London ni kubwa kuliko Chetambe. Lakini ile ilijengwa na mtekaji ili aogopwe, na hii ilijengwa na wazazi ili watoto wao waishi. Mbele za Mungu hatujui ipi ni kubwa.

Wazazi, pelekeni watoto kuona miji ya dunia, lakini kwanza wapandisheni Chetambe. Vijana, mkipata nafasi ya kusafiri, nendeni. Tazameni kama Paulo alivyotazama, ulizeni kama Ham Mukasa alivyouliza. Kisha rudini mkatusimulie, nanyi mjue kujibu wazee wakiwauliza habari za nyumbani. Sisi wa ushirika wa Kitale tumekwisha patana na kijana yule kwamba tutapanda pamoja, na bibi yule ndiye atakayetuonyesha njia.

Na tuombe. Ee Bwana, Mwenye kuujua kila mji na kila kilima, utupe macho ya kuona kazi za mataifa bila kuzisujudia, na moyo wa kuikumbuka damu ya baba zetu bila kisasi. Katika jina la Yesu. Amina.