Kompyuta ya kiganjani ilivyounganishwa na modemu

Kompyuta ya kiganjani iliwahi kudhihirisha thamani yake kisiwani Pemba. Utafiti wa homa uliochapishwa mwaka 2012 ulibaini kuwa taarifa za wagonjwa zilizoingizwa humo zilikuwa na makosa asilimia 1, dhidi ya 7 kwenye karatasi, tena kwa gharama pungufu kwa asilimia 25.

Katika kijiji kama Msuka, kaskazini mwa kisiwa, swali lingekuwa namna ya kuzituma kwa simu. Kebo ya kifaa kama Palm ilikusudiwa kompyuta ya mezani, na modemu vivyo hivyo. Vikiunganishwa moja kwa moja, vyote hutuma kwenye waya mmoja, hakuna kinachosikia. Dawa yake ilikuwa kiunganishi kidogo kinachopishanisha waya wa kutuma na wa kupokea. Pasipo simu ya mezani, simu ya mkononi yenye modemu ndani yake ilitumika kwa miali ya infraredi, mradi vifaa vitazamane.