Maambukizi ya Kijamii: Istilahi Inayohitaji Kuchungwa

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na misheni huko Kashasha, wilaya ya Bukoba ya wakati ule, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kufikia katikati ya Machi walioshikwa walikuwa 95 kati ya wanafunzi 159. Wengine kicheko kiliwaachia baada ya saa chache, wengine kiliwarudia rudia kwa siku hata 16. Furaha haikuwamo. Walicheka, wakalia, wakatimua mbio wakisema kuna mtu anawafukuza, na aliyejaribu kuwashika alipambana nao. Walimu hakuguswa hata mmoja.

Shule ikafungwa tarehe 18 Machi, wasichana wakarudishwa makwao. Baadhi yao walitoka Nshamba, na huko, kati ya Aprili na Mei, watu 217 wakapatwa na kicheko kile kile. Mwezi Juni kikazuka katika shule nyingine ya wasichana, Ramashenye. Madaktari Rankin na Philip, waliochapisha taarifa ya mkasa huo mwaka 1963, hawakuona kijidudu wala sumu katika vipimo vya maabara. Wahaya wenyewe waliuita enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka.

Hali kama hii ndiyo wataalamu wa jamii wanaiita maambukizi ya kijamii: hisia, tabia au tatizo kuhama kutoka mtu hadi mtu kwa kuonana, kusikiana na kuishi pamoja, bila kiini chochote cha maradhi. Wazo lenyewe ni la zamani. Mfaransa Gabriel Tarde aliandika mwaka 1890 kwamba jamii husimama juu ya kuigana. Miaka mitano baadaye mwenzake Gustave Le Bon, akieleza mwenendo wa umati, aliazima kwa madaktari neno la uambukizo. Hadi leo neno hilo halijarudishwa hospitali.

Kwetu lina uzito wa ziada. Sikio la Afrika Mashariki likisikia “maambukizi” hufikiri kwanza VVU, na pamoja na VVU ule unyanyapaa tuliouzoea. Ukisema ulevi umeambukiza mtaa mzima, umekwisha kudokeza kwamba yuko aliyeuleta na kwamba dawa ni kumtenga. Ndiyo maana napendelea “kuambukizana tabia”, usemi ambao watu wanao tayari midomoni. Kiambishi kile cha kutendana kinasema jambo ambalo nomino inaficha: kila mmoja anatoa na kila mmoja anapokea.

Lakini tatizo kubwa zaidi ni kujua kama kweli kuna kilichohama. Husemwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Muuza samaki atakwambia vingine: hao wamevuliwa usiku mmoja, wamepangwa tenga moja, wamepigwa na jua moja njia nzima. Aliyeoza kwanza hakuwaozesha wenzake peke yake, huenda hata hakuwaozesha kabisa. Kosa hilo la kulisahau jua limewapata hata watafiti. Mwaka 2007 Christakis na Fowler, wakitumia kumbukumbu za watu 12,067 wa Framingham, Marekani, zilizokusanywa kwa miaka 32, walitangaza kwamba rafiki yako akinenepa kupita kiasi, uwezekano wa wewe kunenepa hivyo unaongezeka kwa asilimia 57. Dunia ikashangilia. Mwaka uliofuata Cohen-Cole na Fletcher wakachukua mbinu za namna hiyo wakapima chunusi, maumivu ya kichwa na urefu wa kimo miongoni mwa vijana. Navyo vikaonekana “kuambukizwa”, na hakuna aliyewahi kurefuka kwa sababu rafiki yake amerefuka! Marafiki hufanana kwa sababu wanaofanana hutafutana, na kwa sababu hukaa chini ya jua moja.

Kuna tofauti nyingine, na hapa Kiswahili kinatusaidia bila kuhitaji kamati. Tunasema mtu amefuata mkumbo. Mafua yanahitaji mgusano na mgonjwa mmoja tu; mkumbo unahitaji wengi. Mwaka 1978 mwanasosholojia Mark Granovetter aliuchora hivi: chukua watu 100 uwanjani, kila mmoja na kizingiti chake. Wa kwanza yuko tayari kurusha jiwe bila kumngoja yeyote, wa pili anangoja amwone mmoja, wa tatu awaone wawili, hivyo hivyo hadi wa mwisho anayengoja 99. Fujo itawazoa wote. Sasa mwondoe yule anayengoja mmoja, weka mahali pake mwingine anayengoja wawili. Atarusha jiwe mtu mmoja, na fujo itakomea hapo. Kwa mtazamaji, umati wa kwanza ni wahuni na wa pili ni raia wema, ilhali waliotofautiana ni mtu mmoja tu. Watafiti wa baadaye wameliita jambo hili maambukizi changamano. Mimi naona “mkumbo” linatosha na linaeleweka hadi sokoni.

Chukua Kenya, 2016, ambako zaidi ya shule 100 zilichomwa moto, majengo mengi yaliyoungua yakiwa mabweni. Habari za moto wa shule hii zilifika shule ile, na hilo ni kuambukizana. Ndani ya bweni, wachache wenye vizingiti vya chini waliwavuta wenzao, na huo ni mkumbo. Pia mwaka huo kalenda ya mihula ilikuwa imebadilishwa na udhibiti wa wizi wa mitihani kukazwa kote nchini, na hilo ni jua. Neno moja haliwezi kuyabeba yote matatu, na kila moja lina tiba yake: la kwanza hutulizwa kwa namna ya kutangaza habari, la pili kwa kuwajua wanaoanza, la tatu kwa kusikiliza malalamiko.

Mhariri atakayeandika kesho kwamba tabia fulani “inasambaa kama ugonjwa” tumwombe kwanza atuonyeshe ni nani aliyempa nani.