Ususi wa Vikapu vya Mkonge (Taita Taveta)

Ususi wa vikapu vya mkonge ni kazi ya mikono ya kutengeneza vikapu vya duara, visivyo na mshono, kwa nyuzi za katani zilizosokotwa. Katika kaunti ya Taita Taveta, kusini mashariki mwa Kenya, kazi hii hufanywa zaidi na wanawake, hasa wa nyanda kavu zinazoizunguka milima: Kasigau, Sagalla, Maungu, Mwatate na viunga vya Voi. Wengine husuka nyumbani peke yao, wengine katika vikundi. Kikapu chenyewe ni cha ukoo mmoja na kiondo cha Wakamba na Wakikuyu, nacho hutumika kubebea nafaka na kwendea sokoni, na siku hizi huuzwa kwa watalii na wateja wa ng'ambo. Makala haya yanaeleza jinsi kazi inavyofanywa, lakini yanashikilia msimamo katika jambo moja ambalo ni rahisi kupitwa: kwamba mwanagenzi wa ususi aanzie kwenye kusokota uzi, na kusuka kufuate baadaye.

Mkonge (Agave sisalana) si mzawa wa Afrika. Asili yake ni Meksiko, na habari za kufika kwake Afrika Mashariki zinajulikana vizuri. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ije kupandwa katika pwani ya Tanzania ya leo, na iliyosalimika ilikuwa 62 tu. Katika karne ya 20 zao hilo lilitawala nchi kavu ya Taita Taveta. Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza, alifungua mashamba ya mkonge upande wa Taveta. Voi nayo ikapata shamba lake. Na Mwatate pana Teita Sisal Estate, mojawapo ya mashamba makubwa ya mkonge duniani, ambalo msafiri wa barabara ya Voi kwenda Taveta huona mistari yake ikienda mpaka macho yachoke. Hata hivyo ususi haukuja na mashamba. Kabla ya mkonge, nyuzi zilipatikana kwenye magome ya mbuyu na kwenye mkonge pori (Sansevieria), mmea mzawa unaoota kwa wingi katika vichaka vya Tsavo. Mmea wa kigeni ulipofika, wasusi waliupokea kwa mikono iliyokuwa tayari na kazi yake. Huu ni ushahidi wa kwanza wa hoja ya makala haya. Malighafi imebadilika, rangi za gome na mizizi zimepishana na rangi za dukani, hata sufu ya masweta yaliyofumuliwa imeingia kwenye vikapu. Kilichodumu ni namna ya kugeuza nyuzi fupi na dhaifu kuwa uzi mrefu unaoaminika.

Kazi huanzia kwenye jani. Jani lililokomaa hufika urefu wa mita moja na zaidi, lakini katani iliyomo ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki ni maji na nyama ya jani. Viwandani nyama hiyo huondolewa kwa mashine. Nyumbani jani hupasuliwa vipande virefu, kila kipande hubanwa kati ya makali butu na ubao, kisha huvutwa mpaka nyama yote itoke. Utomvu wake huwasha ngozi, kwa hiyo anayeanza hujua siku ya kwanza tu kwa nini wazoefu hawakimbilii kazi hii. Katani huoshwa, huanikwa juani, halafu huchambuliwa kwa vidole ili nyuzi zisishikane. Ikikosa kuoshwa vizuri hubaki na ukijani, hukakamaa, na rangi haiingii sawasawa.

Hapo ndipo kusokota kunapoanza, na hatua hii inastahili kutazamwa kwa karibu. Msusi huketi, akachukua vitita viwili vyembamba vya katani na kuviweka sambamba juu ya paja, vikiachana kidogo. Kiganja kilicholoweshwa husukuma vyote viwili kwa pamoja kutoka kwenye paja kuelekea gotini, na kila kitita hujisokota chenyewe. Kisha, bila kuviachia, kiganja hurudi kuelekea mwilini, na sasa vitita viwili huzungukana, safari hii kwa upande ulio kinyume na ule wa kwanza. Ukinyume huo ndio unaoshika uzi. Kila kitita kinataka kujifungua, lakini kujifungua kwake ndiko kunakozidi kukaza msokoto wa pili, na uzi hutulia bila fundo wala gundi. Kabla ya kitita kimoja kwisha, katani mpya hupachikwa ndani yake, ncha zikipishana kwa upana wa vidole kadhaa. Msusi hodari hahalifu kanuni moja: viungo vya vitita viwili visiangukie mahali pamoja, kwani vikikutana, uzi hunenepa hapo na kudhoofika mara tu baada ya hapo. Harakati zote hizi huonekana nyepesi kwa mtazamaji. Kwa mwanagenzi, kiganja kikibana zaidi wakati wa kwenda kuliko wa kurudi, uzi hujinyonga vifundo, kikilegea, huachana. Hakuna maelezo yanayoweza kuchukua nafasi ya marudio.

Umuhimu wa uzi uliolingana huonekana pale kikapu kinapoanza. Nyuzi za mtande, yaani zile zitakazosimama kutoka chini hadi juu, hupishanishwa katikati ya kitako. Nyuzi mbili za mshindio huzunguka, moja ikipita mbele ya mtande na nyingine nyuma yake, zikibadilishana nafasi baada ya kila mtande. Kazi huenda kwa mzunguko usiokatika, na kitako hutanuka. Kutanuka huko kuna hesabu isiyobadilika: kila kitako kinapokua kwa nusu sentimita kutoka katikati, mzingo wake huongezeka kwa zaidi kidogo ya sentimita 3, iwe kimeanza tu au kimeshafika ukubwa wa sinia. Nafasi hiyo lazima ijazwe kwa mitande mipya. Ikiongezwa pungufu, kitako hujikunja juu kabla ya wakati. Ikizidishwa, ukingo hupiga mawimbi na kikapu hakikai chini. Msusi mzoefu haketi na rula. Hutazama mwanya kati ya mtande na mtande, na ukipanuka kupita kiasi huingiza mwingine.

Sasa mfikirie mwanagenzi ambaye uzi wake ni mnene hapa na mwembamba pale. Mwanya anaouona haumwambii ukweli, kwa sababu mshindio mnene umeusukuma mtande kando, au mwembamba umeuacha ulegee. Ataongeza mtande pasipohitajika na kuuacha panapohitajika, na kikapu kikipinda atadhani kosa ni la kusuka, ilhali kosa lilishafanyika pajani. Atafumua, atasuka upya kwa uzi uleule, na kitapinda tena. Kusuka kwenyewe, ukitenganisha na uzi, ni kanuni chache: mbele na nyuma, ongeza, acha kuongeza. Kitako kikifikia upana unaotakiwa, kuongeza mitande hukoma na ukuta hupanda wenyewe. Michoro hupatikana kwa kubadilisha rangi za mshindio. Mdomoni, ncha za mitande hukunjwa na kufungiwa ndani au kusukwa zikawa ukingo, halafu mikanda ya ngozi au ya katani hushonewa. Mtu mwenye uzi mzuri hujifunza haya kwa kuketi kando ya anayejua. Mtu mwenye uzi mbaya hayajifunzi hata akifundishwa na nani.

Pingamizi la kwanza hutoka kwenye kazi jirani ya ufumaji wa sufu. Wundanyi na vijiji vya juu vya milima ya Dawida vina baridi ya kutosha kuhitaji sweta na soksi, na kufuma kwa sindano ni miongoni mwa kazi zilizofundishwa na vilabu vya Maendeleo ya Wanawake tangu shirika hilo lianzishwe mwaka 1952. Soksi ya mkono, kama kikapu, hufumwa kwa mzunguko bila mshono. Nayo ina hesabu zake za kuongeza na kupunguza, hasa kwenye kisigino. Lakini hakuna mwalimu anayemwambia anayeanza soksi asokote sufu kwanza. Hununua donge dukani, akaanza. Kwa nini basi msusi abebeshwe mzigo ambao mfumaji hausikii?

Jibu liko kwenye vitu vyenyewe. Sufu ya dukani imetengenezwa ili ifumwe: unene wake unajulikana, nayo hulingana mwanzo hadi mwisho wa donge. Tena jicho la ufumaji wa sindano ni kitanzi, na kitanzi hunyumbuka. Kasoro ndogo humezwa na mvutano wa majirani zake, na mguu ukiingia soksi hujinyoosha. Katani hainyumbuki. Kasoro iliyosukwa ndani ya kikapu hubaki hapo maisha yote ya kikapu. Na kamba ya mkonge inayouzwa madukani, kwa sehemu kubwa, imekusudiwa kufungia mizigo na marobota. Mara nyingi imepakwa mafuta ili ipite vizuri mashinani, ina manyoya mengi, na rangi huikataa. Kumpa mwanagenzi kamba hiyo ni kumnyima kipimo kabla hajajua kupima.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linahusu riziki. Kusokota hula sehemu kubwa ya muda wote wa kazi, na mnunuzi hulipa kikapu, halipi saa. Katika kaunti ambayo zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ambako mvua hukosekana msimu hadi msimu na tembo huweza kumaliza shamba la mahindi usiku mmoja, mwanamke anayejiunga na kikundi anahitaji fedha mapema. Kumwambia asokote kwa wiki kadhaa kabla ya kusuka kunaweza kuonekana kama anasa ya watu walioshiba. Zaidi ya hayo, msusi anaweza kununua uzi uliosokotwa kwa mkono na jirani yake, naye akatumia muda wake kusuka tu. Mgawanyo huo wa kazi una faida, na makala haya hayaupingi. Lakini unawafaa waliokwisha kujua. Anayenunua uzi bila kujua kusokota hana namna ya kukataa uzi mbaya, wala ya kueleza bei anayoilipa. Hugundua hasara kikapu kikiwa kimefika nusu. Aliyejua kwanza kusokota, akaamua baadaye kununua, hununua kwa macho yaliyofumbuliwa.

Soko lenyewe linathibitisha hili. Viondo vya Kenya vilivuma Ulaya, Marekani na Japani katika miaka ya 1970 na 1980, kisha vikapu vya kuiga vilivyotengenezwa viwandani Asia vikavifuata kwa bei ya chini. Mashine huweza kunakili umbo na mchoro. Haiwezi kushindwa kwa wingi wala kwa bei. Kilichobaki kuwa hoja ya muuzaji wa Taita ni ubora unaoshikika mkononi: uzi mwembamba, mnyoofu, uliokazwa kwa mkono, unaofanya kikapu kiwe kigumu bila kuwa kizito. Karibu na Maungu, kampuni ya Wildlife Works ilianza shughuli zake Rukinga mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2011 mradi wake wa kuhifadhi misitu wa Kasigau Corridor ukawa wa kwanza wa aina yake kupewa hati za kaboni chini ya kiwango cha VCS (Verified Carbon Standard). Hifadhi ya namna hiyo, inayotaka misitu isikatwe kwa makaa, ilihitaji watu wapate kipato kingine, na vikapu vya vikundi vya wanawake wa eneo hilo vikapata njia ya kufika kwa wanunuzi wa mbali. Mnunuzi wa mbali hurudisha mzigo usiolingana. Kundi likiagizwa vikapu vya kipimo kimoja, tofauti ya unene wa uzi kati ya msusi na msusi huonekana mara moja vikipangwa mezani.

Pingamizi la mwisho ni la mwili na la moyo. Kusokota juu ya paja tupu huchubua ngozi, na si kila mwanamke aliye radhi kuketi hivyo mbele za watu. Kipande cha ngozi au kitambaa kizito juu ya paja hupunguza maumivu bila kuharibu kazi. Kuhusu moyo, ni kweli kwamba anayesokota tu siku baada ya siku bila kuona kikapu anaweza kukata tamaa, na hapa msimamo wa makala haya unahitaji kulainishwa: si lazima mtu awe bingwa wa uzi kabla ya kugusa kitako. Inatosha uzi wake urefuke hatua kadhaa bila kubadilika unene, na hapo aanze kikapu kidogo cha ukubwa wa kikombe, kwa uzi wake mwenyewe, bila rangi. Rangi huficha makosa, na kikapu kidogo huisha upesi. Kikimalizika, kasoro zote za uzi zitakuwa zimeandikwa ukutani mwake, wazi kwa yeye mwenyewe kusoma.

Mtaala wa umilisi umewapa walimu wa Kenya nafasi ya kuingiza kazi za mikono darasani, na vikundi vya Kasigau na Sagalla vinaendelea kupokea wasusi wapya. Walimu hao na viongozi wa vikundi wanaombwa jambo moja: mwanagenzi anapokuja siku ya kwanza, wampe katani iliyooshwa na kukaushwa, wamketishe karibu na mama anayesokota vizuri kuliko wote, na kamba ya dukani waiache kwenye mizigo.