Miaka Mitatu Bila Padre

Novemba 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Padre Lourdel na Bruda Amans walikuwa wamefika Februari 1879 tu, na waliobatizwa walikuwa wachache, maana Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, aliagiza mtu afundishwe miaka minne kabla ya ubatizo. Kanisa changa namna ile lingetazamiwa kunyauka. Lakini mapadre waliporudi Julai 1885 waliwakuta wanaosali wameongezeka. Nani aliwalea? Walei wenyewe. Ikulu, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakusanya vijana watumishi akawafundisha. Huko Mityana, mbali na mji mkuu, Matia Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu waliongoza sala majumbani, na Nowa Mawaggali, mfinyanzi, akawa mwalimu wa jirani zake. Nashikilia kwamba sala ilikita mizizi kwa sababu iliongozwa na watu walioishi pamoja, waliojuana kwa njaa na kwa ugonjwa.

Wapo watakaosema vijana wa ikulu walifuata upepo wa wakubwa. Hoja hiyo ingesimama kama upepo usingegeuka. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipoamuru Mukasa auawe, Novemba 15, 1885, usalama ulikuwa katika kukana. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga, mtumishi wa ikulu, na wakatekumeni wengine walikwenda misioni kuomba ubatizo. Tena Mityana hapakuwa na cheo cha ikulu cha kuwindwa kwa rozari. Pingamizi zito zaidi ni kwamba bila padre hakuna Ekaristi, na sala isiyo na Sakramenti ina upungufu. Ni kweli, nao walilijua hilo. Ndiyo maana sala zao ziliwapeleka kwenye ubatizo, hata Lwanga akambatiza kijana Kizito kifungoni Munyonyo, Mei 1886, padre asipoweza kufika. Lwanga alichomwa moto Namugongo Juni 3. Sala ya nyumbani iliwatia hamu ya Sakramenti. Haikuchukua nafasi yake.

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, waliziweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji, kanisa la jirani kwa jirani kama lile la Mityana. Leo jumuiya nyingi hukutana, hupitisha michango kwa saa nzima, kisha husali kwa haraka watu wakiwa wamesimama. Viongozi wa jumuiya, anzeni na sala, muipe muda wake, michango itasubiri.