MABOMU YALIYOZIKIKA ARDHINI: SUMAKU INAYAONAJE?

Haya wadau, leo tuongelee kitu ambacho mimi mwenyewe, form four leaver, ilibidi nikae chini nijisomee.

Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, hapa Dar. Nilikuwa darasa la kwanza, tukatoka darasani mbio, wengine kiatu kimoja mguuni. Tarehe 16 Februari 2011 yakajirudia Gongo la Mboto. Kila mara watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Mlipuko wote tunaukumbuka. Tunachosahau ni yale mabomu yaliyoruka yakaanguka bila kulipuka. Bomu likiingia kwenye mchanga, mvua mbili tatu tu na alama imefutika. Sasa mtu anayetaka kuchimba msingi wa nyumba atajuaje?

DUNIA NI SUMAKU
Mnakumbuka dira? Mshale unaelekea kaskazini kwa sababu dunia yenyewe ni sumaku. Nguvu yake hupimwa kwa nanotesla, na juu ya ardhi ni kati ya 25,000 na 65,000 hivi, inategemea uko wapi. Ganda la bomu kwa kawaida ni chuma. Chuma kikikaa ardhini kinaivuruga ile nguvu pale kilipo: upande mmoja namba inapanda, upande wa pili inashuka. Badiliko lenyewe linaweza kuwa makumi ya nanotesla tu, lakini magnetometa inalisoma.

Kifaa hiki hakirushi chochote ardhini, kinasikiliza tu. Hapo ndipo kinapotofautiana na zile mashine za walinzi mlangoni, ambazo zinatoa mawimbi yake zenyewe.

KAZI YENYEWE
Eneo linagawanywa kwa kamba, mistari ya karibu karibu. Mtu anatembea polepole na mti wenye sensa mbili, moja juu, moja chini. Kwa nini mbili? Kwa sababu nguvu ya sumaku ya dunia hubadilika mchana kutwa kutokana na jua. Badiliko hilo linazigusa sensa zote mbili sawa, kwa hiyo ukitoa moja kwa nyingine linafutika. Kinachobaki ni kitu kilicho karibu, chini ya miguu yako. Namba zinaingia kwenye kompyuta, inachora ramani, na mtaalamu anakadiria kina na ukubwa.

Ila umbali ni adui. Umbali kati ya sensa na chuma ukiongezeka mara mbili, vurugu ya sumaku inabaki karibu moja ya nane tu. Bomu kubwa la ndege linaweza kuonekana mita kadhaa chini, ila risasi ya mzinga mdogo kwenye kina hicho hicho inapotea kabisa.

WENZETU UJERUMANI
Huko wanatafuta hadi leo mabomu ya vita kuu ya pili ya dunia. Mji wa Oranienburg, karibu na Berlin, ulipigwa vikali na ndege za Marekani Machi 1945, na mabomu mengi yalikuwa ya kuchelewa kulipuka. Ndani kuna asetoni, ambayo ilitakiwa kula taratibu kipande cha selulodi kinachozuia pini. Mengine yaligeuka ardhini yakaangalia juu, asetoni haikufika vizuri. Lakini selulodi inazeeka, na bomu linaweza kulipuka lenyewe bila kuguswa. Kwa kuwa juu ya ardhi kuna vyuma vingi vya mjini, wanatoboa mashimo marefu na kushusha sensa ndani yake.

PANAPOLETA SHIDA
Hapa ndipo naomba msome vizuri. Magnetometa haijui bomu, inajua chuma. Msumari, nondo, kipande cha bati, vyote vinapiga kelele. Miamba ya volkano nayo inaichanganya. Na bomu lenye ganda la plastiki au aluminiamu linaweza kupita kimya. Ndiyo maana kuna njia nyingine pia, kama panya buku wanaofundishwa Morogoro kunusa baruti, ambao hawana habari na vyuma chakavu.

Kwa hiyo mtu akikwambia "hapa pamepimwa", muulize: wamepima hadi kina gani, na walikuwa wanatafuta kitu cha ukubwa gani?

VYUMA CHAKAVU
Novemba 2017, shule ya msingi Kihinga, Ngara, bomu la mkono lililoletwa na mwanafunzi lililipuka. Watoto waliuawa na makumi kujeruhiwa. Mtaani kwetu vijana wanaokota vyuma wakauze kwa kilo, na nawaelewa, maisha magumu. Lakini kutu haiui bomu. Ukiona chuma usichokielewa usikiguse, usikipige jiwe, usikipeleke kwenye mizani. Rudi ulikopitia, ukiwa mbali zuia watoto, halafu piga 112 au mwambie mjumbe.

Mdau kama kwenu kuna kitu cha namna hii, usisubiri kuja kuandika hapa. Toa taarifa kwanza, stori baadaye.