Dhoruba ya Tezi Dundumio: Dharura Inayoweza Kudhaniwa Kuwa Malaria Kali

Homa kali, moyo kwenda mbio, kutapika na kuchanganyikiwa ni dalili ambazo wananchi wengi huzihusisha moja kwa moja na malaria kali. Hata hivyo, kwa mtu mwenye ugonjwa wa tezi dundumio, dalili hizo zinaweza kuashiria dharura nyingine ambayo, matibabu yakichelewa, husababisha kifo. Wataalamu wa afya huiita dhoruba ya tezi dundumio.

Chanzo cha tatizo

Tezi dundumio, inayofahamika pia kama tezi ya thairoidi, ipo mbele ya shingo na umbo lake hufananishwa na kipepeo. Hutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili katika kutumia chakula na kuzalisha joto. Homoni hizo zikizidi, mgonjwa hupungua uzito ingawa anakula vizuri, hutetemeka mikono, hutokwa na jasho jingi, hukosa usingizi na moyo wake hudunda kwa kasi. Baadhi huota rovu na wengine hutokeza macho. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume.

Sababu kuu ni ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili huichochea tezi kufanya kazi kupita kiasi. Sababu nyingine ni vinundu vinavyojitokeza ndani ya rovu la muda mrefu.

Dhoruba huzuka pale mwili ulio katika hali hiyo unapopata mzigo wa ziada, kama vile maambukizi, upasuaji, kujifungua, ajali, au dawa zenye madini joto mengi zinazotumika katika baadhi ya vipimo vya picha hospitalini. Kuacha dawa za tezi ghafla ni miongoni mwa vichocheo vikubwa, na ndicho kinachoweza kuepukwa kwa urahisi zaidi. Wagonjwa wengi huacha dawa wanapojisikia nafuu, ilhali ugonjwa bado haujatulia.

Dalili za hatari

Joto la mwili huweza kufikia nyuzi 40 za Selsiasi au zaidi, na mapigo ya moyo kuzidi 140 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100. Mgonjwa huweza pia kuhara, kutapika, kupata manjano, kushindwa kupumua vizuri, kuweweseka, kupata degedege au kupoteza fahamu. Kuweweseka huko kusichukuliwe kuwa ni ugonjwa wa akili au kurogwa.

Kipimo cha malaria ni lazima kifanyike, lakini kuonesha vimelea hakuondoi uwezekano wa dhoruba, kwa kuwa malaria yenyewe inaweza kuwa ndiyo iliyoichochea. Katika hali hiyo, magonjwa yote mawili hutibiwa kwa pamoja.

Matibabu hospitalini

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachotenganisha dhoruba na ongezeko la kawaida la homoni. Madaktari hutumia mfumo wa alama uliochapishwa na Burch na Wartofsky mwaka 1993, ambapo jumla ya alama 45 au zaidi huashiria uwezekano mkubwa wa dhoruba. Matibabu huanza mara moja bila kusubiri majibu ya maabara.

Mgonjwa hupewa oksijeni anapoihitaji, dripu, na hupozwa mwili. Parasetamoli hutumika kushusha homa. Aspirini huepukwa kwa sababu huongeza kiasi cha homoni kilicho huru katika damu. Propranololi hupunguza kasi ya moyo, ingawa hutolewa kwa uangalifu mkubwa kwa mwenye pumu au moyo ulioshindwa kufanya kazi. Haidrokotisoni nayo huusaidia mwili kuhimili mshtuko.

Karbimazoli au propilithiourasili huzuia tezi kutengeneza homoni mpya. Dozi kubwa ya madini joto hufuata angalau saa moja baadaye, ili kuzuia homoni zilizokwisha kuhifadhiwa zisitoke. Mpangilio huo una sababu: madini joto ni malighafi ya homoni, hivyo yakitangulia, tezi inaweza kuyatumia kutengeneza nyingine. Kichocheo cha dhoruba nacho hutafutwa na kutibiwa.

Hata kwa wanaotibiwa, takribani mgonjwa 1 kati ya 10 hufariki, na baadhi ya tafiti zimeonesha idadi kubwa zaidi. Ndiyo maana mgonjwa huhitaji uangalizi wa wagonjwa mahututi, na zahanati au kituo cha afya kinapaswa kuanza huduma ya kwanza huku kikiandaa rufaa.

Wajibu wa mgonjwa na familia

Mgonjwa anashauriwa kutoacha wala kupunguza dawa bila ushauri wa daktari, na kuwaeleza watoa huduma kuhusu ugonjwa wake kabla ya upasuaji, kipimo cha picha au kujifungua. Mwanamke anayetarajia kupata ujauzito amwone daktari mapema, kwa kuwa aina ya dawa inaweza kuhitaji kubadilishwa.

Anayetumia karbimazoli au propilithiourasili akipata homa na maumivu ya koo afike hospitali siku hiyo hiyo kupima damu, kwani dawa hizo, kwa nadra, hushusha mno chembe nyeupe za kinga.

Ndugu wanaomsindikiza mgonjwa wabebe dawa na kadi yake ya kliniki, na wamweleze mhudumu wa kwanza watakayekutana naye kuwa ana ugonjwa wa tezi dundumio. Taarifa hiyo inaweza kuokoa maisha yake.