Bomba la Kioo na Kuzeeka kwa Hewa

Vumbi lililo hewani si lote lililopeperushwa na upepo kutoka ardhini. Sehemu kubwa yake huzaliwa humo humo hewani, mivuke isiyoonekana inapogeuzwa na nuru ikawa chembe ndogo sana ziitwazo erosoli. Jambo hili lilionekana waziwazi mjini London katika mwaka wa 1868. John Tyndall, wa Royal Institution, alipitisha hewa katika nitriti ya amili, akaiingiza hewa hiyo yenye mvuke katika bomba la kioo, kisha akaimulika kwa taa ya umeme. Kwanza bomba lilionekana tupu. Mara wingu likajitunga. Katika majaribio hayo, chembe zilipokuwa bado changa mno wingu lilikuwa la buluu, na zilipokua likawa jeupe.

Haja ya elimu hiyo ilidhihirika zaidi katika karne iliyofuata. Mwezi wa Desemba 1952, ukungu wenye moshi wa makaa ya mawe uliwaua maelfu ya watu London. Los Angeles nako kulikuwa na utusitusi wa namna nyingine, uliozidi siku za jua kali. Miaka hiyo hiyo Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha kuwa huo hutokana na mivuke ya petroli na oksidi za nitrojeni zikipikwa na jua. Basi mwenye kutaka kuuzuia hana budi kujua si kile tu kitokacho garini, bali pia kile kitakachokuwa baada ya siku kadhaa.

Wataalamu walijenga vyumba vikubwa vya kufungia hewa hiyo chini ya taa. Lakini chembe na mivuke hunata kutani, na jaribio la siku nyingi huharibika. Katika mwaka wa 2007, William Brune wa Pennsylvania State University na wenzake walieleza njia nyingine: chombo kidogo ambamo hewa hupita mfululizo, ikipigwa na miale ya urujuanimno. Miale hiyo huzalisha ozoni na hidroksili kwa wingi kupita kiasi cha angani, na kwa dakika chache hewa hupata mageuzi ambayo angani yangechukua siku nyingi.

Hata hivyo, kuharakisha si sawa na kungoja. Miale mikali yaweza kuvunja vitu ambavyo jua lifikalo ardhini haliwezi kuvivunja. Na mvuke ambao angani una saa nyingi za kutua juu ya chembe, chomboni hutolewa nje kabla haujatua. Kwa hiyo matokeo ya chombo hulinganishwa na yale ya vyumba vikubwa na ya hewa yenyewe, kabla ya kutumiwa kukadiria moshi wa leo utakuwa nini kesho katika mapafu ya watu.